Mume wako karudi misheni? Soma hapa kabla hujakodi matarumbeta

Naandika hii kwa mashosti zangu ambao waume zao ni wanajeshi, wako misheni ya kulinda amani au wamerudi juzijuzi. Hata kama siyo mume, ni kaka, ni mtoto, ni baba mdogo, we soma tu. Mi siyo daktari wala mshauri nasaha, mi ni mke wa mwanajeshi, nakaa Gongo la Mboto, nauza vitenge, na karibu kila kitu nitakachokwambia hapa nilianza kwa kukikosea.

Wangu alikuwa Congo upande wa Beni, 2017 kuingia 2018. Watu wakisikia "kulinda amani" wanadhani ni kukaa getini na kofia ya bluu unapiga saluti, kumbe vijana wetu walikuwa kwenye ile brigedi ya MONUSCO, jeshi la UN kule Congo, waliyounda 2013, sisi Watanzania na Wasauzi na Wamalawi, ambayo ilipewa ruhusa ya kuwafuata waasi walipo, na ndo walisaidia kuwatoa waasi wa M23 mwaka uleule. Sasa tarehe 7 Disemba 2017 kambi yao ya Semuliki, hukohuko Beni, ikavamiwa jioni, wakapigana masaa na masaa, askari wetu wasiopungua 14 wakafa na wengine wengi wakajeruhiwa. Mume wangu hakuwa pale siku hiyo. Alivyopata mtandao akanipigia, na mimi kwa furaha ya kusikia sauti yake nikamwambia "afadhali hukuwepo." Akanyamaza. Af akakata. Nilikaa siku tatu sijamsikia.

Lile neno nililifikiria miaka. Kwangu mimi ni afadhali, kwake yeye pale kulikuwa na watu aliokula nao sahani moja, na yeye hakuwepo. Kwa hiyo la kwanza kabisa ni hilo, usimwambie afadhali. Mwambie "pole, nimesikia, niko hapa," basi, funga mdomo usikilize anavyohema.

Kabla hajafika

Mi nilikodi matarumbeta. Cheka tu. Nilikusanya ukoo mzima, nikashona sare, matarumbeta yale ya harusini yenye lile dramu kubwa, nikawapanga mlangoni. Gari ikaingia, wakaanza, na mimi niko mbele nacheza kama mwali. Akashuka, nikaona shati limelowa jasho mgongoni palepale na wakati tulikuwa na ka-ubaridi, macho yanakimbia kwenye paa za majirani. Alisalimia watu wote mmoja mmoja kwa heshima, shikamoo mama, shikamoo baba, af akaingia chooni akakaa humo dakika arobaini.

Kwa hiyo siku ya kwanza iwe ndogo. Wewe, watoto, wazazi wake kama wako karibu. Maji ya moto ya kuoga, chakula alichozoea cha kwake, kitanda. Ndugu wengine waambie wiki ijayo, watanuna, waache wanune. Mwambie yeye kabla, kwenye simu, nyumbani kuna nini kimebadilika: kochi limehamishwa, mtoto kaota meno, jirani kajenga ukuta. Unaona kama mambo ya kijinga lakini mtu aliyekaa mwaka mzima anakagua kila kitu kilichosogezwa njiani, akikuta sebule siyo ile aliyoiacha anahangaika bila yeye mwenyewe kujua kwa nini.

Wiki mbili za kwanza zitakuwa tamu. Usizitumie kupima, manake wengi tunajidanganya hapo tunasema wangu hana shida.

Ukianza kuona vitu

Atakaa mgongo ukutani anaangalia mlango, hata mgahawani. Kitasa anakikagua mara nne. Taarifa ya habari ikitaja Congo anabadilisha chaneli au anatoka nje. Hasira za kitu kidogo, kijiko kimedondoka nyumba nzima inatetemeka. Au ukimya, ule wa kukaa kwenye kigoda nje mpaka saa nane usiku. Na kuweweseka.

Daktari mmoja alinieleza kwa lugha nikaelewa, akasema mama, mwili umerudi ila akili bado iko lindoni, hakuna aliyekuja kuipokea zamu. Kule kushtuka haraka ndo kulimwokoa, sasa hakuzimiki kwa swichi. Akasema tena wengi kwa wengi hutulia wenyewe taratibu kwa wiki chache wakiwa na watu wao na ratiba ya kueleweka, siyo kila aliyeenda vitani anaumwa, ila ukiona umepita mwezi na bado yako palepale au yanazidi, hawezi kazi, hawezi watoto, hapo usisubiri. Mlete.

Nilimuuliza, kwani si ni mwanajeshi, si wamefundishwa? Akacheka. Akasema wamefundishwa kufanya kazi wakiwa na hofu, hawajafundishwa kuishi sebuleni.

Usiku

Hapa nitakaa kidogo, manake ndo panapotuumiza wengi, na mi nina kovu kwenye midomo kwa ajili ya kutojua.

Akiweweseka usimguse. Najua mkono unaenda wenyewe begani, uzuie. Toka kitandani, simama upande wa miguuni, mbali kiasi cha mkono wake kutokufikia. Washa taa, au tochi ya simu ielekeze ukutani siyo usoni kwake. Mwite jina lake, lile la nyumbani, sauti ya kawaida, usipige kelele wala usinong'one, manake kunong'ona usiku kwao kuna maana nyingine. Mwambie alipo. Mi nasema hivi, maneno yaleyale kila siku: "Baba Junior, uko nyumbani, Gongo la Mboto, leo Jumanne, mimi mkeo, watoto wamelala." Narudia mpaka macho yake yanitambue. Usimuulize umeota nini. Mpe maji ya baridi ashike glasi mwenyewe, miguu iguse sakafu. Af mwambie ahesabu vitu vitano anavyoviona chumbani, feni, kabati, ndoo, hivohivo. Mwanzo aliniona chizi. Sasaivi anaanza mwenyewe, "feni, kabati, kanga yako mbaya ile ya njano." Pumzi avute kidogo atoe ndefu, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, mara kumi hivi.

Kama amelowa jasho badilisha shuka bila hotuba. Asubuhi usilete mjadala mezani mbele ya watoto, na kwa mama yako usiende kusimulia, shosti. Kwa mama yako ndo kabisa usiende.

Kama mnashindwa kulala kitanda kimoja kwa muda, laleni mbalimbali kwa muda. Haijavunja ndoa. Wangu alilala miezi mitatu kwenye mkeka karibu na mlango, na mi nikajifunza kupita bila kumruka, naanza kuongea nikiwa bado koridoni ili ajue nakuja.

Maswali

Shemeji yangu mmoja alimuuliza msibani, mbele ya watu, "kaka hivi uliua wangapi?" Watu wakacheka. Aliondoka bila kula. Waambie ndugu zako mapema, hilo swali marufuku, na lile la "ulikuwa unaogopa?" pia.

Uliza vidogo. Mlikuwa mnakula nini, nani alikuwa anakoroma, mvua ya kule ikoje, mlikuwa mnafulia wapi. Na usimkalishe kwenye kochi uso kwa uso kama mahojiano, uliza mkiwa na kazi mikononi. Wangu kwa miezi sita hakusema chochote cha maana, halafu Jumamosi moja tuko uani tunaparua samaki, changu wawili wakubwa, magamba yamenirukia usoni, akaanza tu kuongea, hajaniangalia hata mara moja, kisu kinaenda, akanieleza kuhusu rafiki yake aliyekuwa anapenda kuimba taarab akiwa kwenye doria mpaka wanamtukana. Kumbe ni mmoja wa wale wa Semuliki. Nilitaka kulia nikajizuia nikaendelea kuparua. Alivyomaliza akasema "huyu samaki umemmaliza nyama." Tukapika.

Usiseme "usilie, wewe ni shujaa". Hilo neno shujaa linamfungia mlango. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunaweka mashada, ni vizuri, lakini wale mashujaa tunaowapigia tarumbeta wengi wao wamelala. Huyu wa kwako anaamka asubuhi anaona aibu kwa nini kelele ya bodaboda imemfanya ajifiche nyuma ya duka, na wewe unamwambia shujaa halii, sasa atakwambiaje?

Mtafutie mtu aliyewahi kufika

Sisi hatutoshi. Nilikataa kulikubali hilo, wivu tu, nilitaka niwe kila kitu. Ila baba mkwe yuko Muheza, na yeye alikuwa mgambo wakamchukua 1978 Amin alivyoingia Kagera, akaenda mpaka Kampala inaanguka Aprili 1979. Miaka yote ile mi namjua kama mzee wa machungwa tu. Radi ikipiga anatoka nje anakaa chini ya mwembe na mvua inamnyeshea, tulikuwa tunasema uzee.

Nilivyomwambia hali ya mwanae hakusema kitu kwenye simu, akasema mleteni. Tulifika usiku. Alfajiri mzee akamgongea, akampa jembe, wakaondoka. Hivyo siku tisa. Nilikuwa nawapelekea uji shambani nakuta wako kimya, mmoja mstari huu mwingine mstari ule. Siku ya tano au ya sita nimekaribia nasikia mzee anasema yale mabomu yetu Waganda walikuwa wanayaita saba saba, na kwamba yeye alikuwa upande wa kuyapiga na bado mlio wake anausikia mpaka leo. Na mume wangu anauliza, "baba, mpaka leo?" Mzee akasema "mpaka leo, ila sasa nausikia nikiwa nimekaa." Mimi nikarudi na uji wangu nyuma ya michungwa nikasubiri.

Kama huna mzee wa hivyo, wako wenzake wa kikosi. Usiwachukie eti wanamchukua jioni. Tofautisha tu: wale wanaokutana kucheza mpira, kwenye vikoba, kutembelea wajane wa wenzao, hao wakaribishe hata kwako uwapikie. Wale wa kukutana baa kila siku na kuzimisha, hao tuongee hapo chini.

Na kuhusu "karogwa". Mama mkwe alileta kombe, akanywa, hakuna shida, dua haijawahi kumdhuru mtu, mchungaji au shekhe mwenye busara anasaidia sana kwa yale ya moyoni, manake kuna vitu wameviona au wamevifanya au wameshindwa kuvizuia ambavyo siyo ugonjwa, ni dhamira inauma. Shida ni mganga anayesema aache dawa za hospitali, au anayetaka mbuzi watatu na hela ya misheni.

Hela

Hiyo hela ya misheni ndo vita ya pili. Watakuja wote. Binamu ana ada, mjomba ana kiwanja, mwingine ana biashara ya kuku isiyofeli. Na mtu anayejiona ana deni kwa waliokufa anagawa hela kama anatubu, anasema yes kwa kila mtu. Kubalianeni mapema, miezi mitatu hakuna kununua gari, hakuna kukopesha, hakuna kuingia ubia, hela ikae benki. Ndugu wakija wewe ndo uwe mbaya, sema "shemeji hela kashika shemeji yako mie." Mi nimeitwa majina yote, ila nyumba ina bati.

Pombe fupi tu: ukiona anakunywa ili alale, hiyo siyo starehe tena. Pombe inaleta usingizi inaharibu usiku, saa tisa anaamka vibaya zaidi. Usimwage chupa wala usigombane naye akiwa amelewa, ongea asubuhi, na daktari mwambie ukweli wa kiasi anachokunywa, manake mtu aliyezoea kunywa sana kila siku kuacha ghafla kunaweza kumdhuru mwili, kunatakiwa usimamizi.

Watoto waambie kwa saizi yao. "Baba alikuwa mahali pa kelele, kelele zinamshtua, siyo kosa lako." Hilo la siyo kosa lako usilisahau. Wa kwangu wa kwanza alikuwa anadhani baba hampendi kwa sababu alipasua baluni.

Hospitali

Wanaogopa faili. Wanaogopa cheo, kozi, misheni inayofuata, kuitwa kichaa kambini. Sitakwambia hofu hiyo haina msingi, manake mi mwenyewe kwenye hospitali moja nesi alituita kwa sauti mbele ya foleni nzima "yule mwanajeshi wa akili aje", tukaondoka bila kutibiwa, na ilinichukua miezi minne kumrudisha sehemu nyingine. Kwa hiyo tangulia wewe. Nenda peke yako siku moja kabla, ulizia kitengo cha afya ya akili, hospitali za rufaa za mkoa wanacho, Muhimbili wapo, Dodoma ipo Mirembe, na ndani ya jeshi kuna hospitali zao kama Lugalo. Omba kuonana faragha, uliza siku ambayo foleni ni fupi. Kwa mume wako usianze na neno akili, anza na usingizi. "Twende tukapate msaada wa usingizi." Wangu kwa usingizi alikubali, kwa akili asingekanyaga.

Watakwambia herufi nne, PTSD. Zisikutishe, ni jina tu la kile kiwewe kisichoondoka. Tiba kubwa ni maongezi na mtaalam, siyo maongezi ya kubembelezana, ni ya kumrudisha kidogokidogo kwenye lile tukio akiwa salama mpaka lipoe, na mwanzoni anaweza kutoka pale amechafukwa kuliko alivyoingia, usimwambie aache. Dawa wengine wanapewa, zinachukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi na haziachwi kienyeji siku akijisikia vizuri.

Sasa hili lisome mara mbili. Ukisikia "mngekaa vizuri bila mimi", ukiona anagawa vitu vyake, anaaga watu, muulize wazi wazi: unafikiria kujiua? Tumelelewa kuamini ukiuliza unampa wazo. Siyo kweli, wazo kama lipo lipo, ukiuliza anapata pa kulitua. Akisema ndiyo usimwache peke yake, usimhubirie dhambi, toa ndani sumu ya panya, kamba, dawa, kama ana silaha wapigie wenzake waichukue, na muende hospitali siku hiyohiyo.

Na akikupiga, akili macho, anajua ni wewe, hiyo siyo ya kuvumilia kwa jina la Congo. Ondoka na watoto kwanza, nenda kwa ndugu, polisi kuna dawati la jinsia na watoto. Unaweza kumpenda na kumuhangaikia ukiwa kwa dada yako.

Wewe mwenyewe kula. Mi nilikonda mpaka wateja wa vitenge wakaanza kuninong'oneza. Tafuta mke mwenzio wa jeshi, mmoja tu asiye na umbea, mnapigiana.

Mvua na mwaka mpya

Hili la mvua hakuna aliyeniambia. Bati tupu mvua ya masika ikianza ghafla usiku, aliyekaa Beni hasikii mvua, anasikia risasi. Mara ya kwanza nilimkuta chini ya kitanda na Junior amembana kifuani, mtoto anacheka anadhani mchezo. Tuliweka silingibodi chumba cha kulala tu, kingine hela haikutosha, na ilisaidia kuliko nilivyotegemea. Kama ni nyumba ya kupanga muombe mwenye nyumba hata mkatane kwenye kodi.

Fataki za mwaka mpya mwambie mapema tarehe na saa, mpe redio masikioni, au ondokeni. Sisi tunaondoka tarehe 29 na basi la asubuhi, Muheza hawapigi fataki nyingi, na mzee kashasema michungwa ya upande wa bondeni inataka kupaliliwa. Nimeambiwa safari hii uji nilete wa ndimu, na niache kujificha nyuma ya miti.